Madhara Asiyoyaona Mwenye Kuyatenda

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Liko suala ambalo sisi watu wa pwani hii ya Kilwa na Lindi hulipita kila siku bila ya kusimama kulitazama, nalo ni dogo kwa jina, kubwa kwa hukumu. Je, mtu huulizwa kwa madhara asiyoyaona, yaliyompata mtu asiyemjua, kwa kitendo ambacho hakukikusudia kuwa uadui? Mtu akimpiga jirani yake kwa fimbo, hapana haja ya kumwendea mwanachuoni. Kila mtu ajua hukumu yake. Lakini mtu akikidhi haja yake kando ya njia ya shamba, akaenda zake, kisha baada ya siku kumi mtoto wa jirani akapita pale kwa miguu mitupu, akaingiwa na safura, damu yake ikapungua mwezi baada ya mwezi mpaka hawezi kukimbia wala kuhifadhi sura yake, ni nani mwenye kosa? Yule aliyefanya haja amekwisha sahau. Mtoto hakuona kitu ila kuwashwa mguu. Baba yake asema ni majaaliwa. Basi kosa limekwenda wapi?

Maulamaa wetu wamezoea kusema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hivyo tuijue kwanza khabari yenyewe, kisha tuingie katika hukumu.

Minyoo ya tumbo ipatikanayo kwa njia ya udongo mashuhuri yake ni mitatu. Wa kwanza ni ule mkubwa wa mviringo ambao watu huuita chango. Jike lake hufika urefu wa sentimita 20 hata 35, na kwa siku moja hutaga mayai kiasi cha 200,000. Wa pili una umbo la mjeledi, mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili, na makao yake ni utumbo mpana. Wa tatu ni mnyoo wa safura. Huu ni mdogo, urefu wake kama sentimita moja, lakini ndio wenye kumdhuru mkulima kuliko yote, kwani hujishika katika utumbo mwembamba ukanyonya damu usiku na mchana.

Mayai ya ile miwili ya kwanza humrudia mwanadamu kwa kinywa. Hutoka na choo, yakakaa udongoni majuma kadhaa mpaka yakakomaa, kisha yakarudi kwa mkono usiooshwa, kwa mboga mbichi, kwa embe lililookotwa chini na kufutwa kwa kanzu, kwa maji yasiyochemshwa. Yai la chango lina ganda gumu, na laweza kukaa udongoni miaka likingali hai. Safura si hivyo. Yai lake huanguliwa udongoni baada ya siku moja au mbili, na baada ya siku 5 hata 10 kijana wake huwa tayari kumwingia mtu. Naye hangoji kuliwa, hungoja mguu. Hupenya ngozi, khasa baina ya vidole, akasafiri na damu mpaka mapafuni, akapanda kooni, akamezwa pamoja na mate, na hapo ndipo afikapo tumboni. Jambo hili halikujulikana mpaka mwaka 1898, pale mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Arthur Looss, aliyekuwa Misri katika mji wa Cairo, alipomwagikiwa mkononi na maji yenye vijana wa safura. Ngozi ilimwasha, na baada ya muda akayakuta mayai ya mnyoo ule katika choo chake mwenyewe. Ndipo watu walipofahamu kwamba ugonjwa huu una mlango ambao hakuna aliyeudhani.

Sasa tazameni nchi yetu. Kijana wa safura hufa kwa jua kali na ukavu, na huishi majuma matatu au manne penye kivuli, unyevu na mchanga mwepesi. Je, hiyo si sifa ya mashamba yetu? Mchanga wa pwani ni mwepesi. Kivuli cha mwembe na cha mkorosho ni kizito, hata udongo wa chini yake haukauki upesi. Wakati wa mvua ndio wakati wa jembe, na mkulima hulima muhogo na mtama na ufuta miguu mitupu, matope yakimfika kifundoni. Tena wengi wetu huhamia shambani muda wa miezi, tukakaa katika dungu kulinda nguruwe na nyani wasile mazao, na huko mtu hana choo ila kichaka cha karibu. Usiku wa mvua hata kichakani hafiki, huishia hatua chache kutoka kibandani. Asubuhi watoto hupita papo hapo kwenda kuteka maji.

Basi hizo ndizo sababu zenye kuuleta ugonjwa, na hapana hata moja katika hizo iliyo siri: kukosa choo, au kuwa nacho na kutokitumia, kwenda miguu mitupu penye udongo ulionajisiwa, mikono isiyooshwa kwa sabuni au jivu, kula udongo, kama wafanyavyo watoto na baadhi ya wanawake wenye mimba, na kutupa choo cha mtoto mchanga nyuma ya nyumba kwa kudhani kwamba hakina neno. Watu wengi hukosea katika hili la mwisho. Sharia imeukhafifisha mkojo wa mtoto mwanamume ambaye hajala ila maziwa, ikatosha kuunyunyizia maji. Lakini choo chake haikukikhafifisha, ni najisi kama kingine. Na matabibu wasema ya kwamba watoto ndio wenye kubeba chango wengi kuliko watu wazima. Kwa hivyo sharia na tiba zimekutana pahala pamoja, na ada yetu imekwenda pahala pengine.

Wala msidhani kwamba tunazungumza habari ya maumivu ya tumbo yapitayo. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu watu kiasi cha milioni 1,500 wenye minyoo hii duniani, nao ni karibu mtu mmoja katika kila wanne. Mnyoo mmoja wa safura hunywa tone dogo tu la damu kwa siku, lakini mwenye mamia ya minyoo hupoteza damu kila siku kama mtungi wenye ufa. Macho yake huwa meupe, moyo humwenda mbio akipanda kilima kidogo, uso na miguu humvimba, na jembe humwia zito. Huko Pemba matabibu waliwachunguza watoto wa shule katika miaka ya 1990, wakaona kwamba katika wale wenye upungufu mkali wa damu, karibu sehemu tatu katika nne sababu yake ilikuwa ni safura. Na mwanamke mwenye mimba ambaye damu yake imeliwa nusu, akifika siku ya kujifungua akatokwa na hiyo iliyobaki, hapana haja ya kueleza mwisho wake.

Hiyo ndiyo khabari. Sasa turudi kwenye hukumu.

Kila mwanafunzi aliyesoma mlango wa adabu za kukidhi haja ajua ya kuwa Mtume wetu (s.a.w.) ametahadharisha na mahala patatu pawezapo kumletea mtu laana: penye kutekwa maji, katikati ya njia, na kivulini. Maulamaa wa madhehebu yetu wakaongeza chini ya mti wa matunda, wakasema ni makuruhu. Wengi tumeyahifadhi haya tukiwa wadogo, tukayapita kama adabu za heshima, mithili ya kutanguliza mguu wa kushoto. Lakini Imamu Nawawi, naye ndiye tegemeo letu katika madhehebu ya Shafi, alipofika katika maneno haya kwenye kitabu chake kikubwa cha Majmuu alieleza kuwa dhahiri ya maneno ya wenziwe ni karaha, na kwamba ilivyopasa ni kuwa haramu, kwa zile hadithi na kwa kuwa ndani yake mna kuwaudhi Waislamu.

Isimamieni sababu hiyo: kuwaudhi Waislamu. Katika zama zake udhia uliojulikana ulikuwa ni harufu, na uchafu wa nguo, na kukosa pahala pa kupumzika. Hata kwa hayo tu aliona kwamba uharamu ndio uliokuwa ukistahiki. Je, angalisema nini lau angalijua kuwa pana kitu kinachotoka katika uchafu ule, kikaingia katika mguu wa mpita njia, kikaikalia damu yake miaka? Sisemi maneno ambayo yeye hakuyasema. Nasema ya kwamba sababu aliyoitegemea kwetu imezidi nguvu, wala haikupungua.

Kisha utazameni mkorosho, mti uliotushika mkono sisi watu wa kusini. Mkorosho ni mti wa matunda. Mkorosho una kivuli. Na korosho haziangiliwi kwa ngazi, huanguka zenyewe, wakazikusanya chini wanawake na watoto, wameinama, mikono mchangani na miguu mitupu. Basi aliyekidhi haja yake chini ya mkorosho amekusanya kivuli, na mti wa matunda, na pahala pa kazi za watu, yote kwa mara moja. Mtu huyo hutoka pale akaenda mtoni kutawadha vizuri kwa ajili ya sala ya adhuhuri.

Na katika mlango wa dhamana fiqhi yetu imekwenda mbele kuliko tudhanivyo. Mwenye kuchimba kisima katika njia nyembamba ya watu, akatumbukia mtu, yeye ndiye mwenye dhamana, japokuwa hakumsukuma wala hakumjua. Na mwenye kutupa takataka au maganda ya tikiti njiani, mtu akateleza, kauli sahihi ni kwamba adhaminishwe. Zingatieni: ganda la tikiti! Aliyelitupa hakukusudia ila kula tikiti lake. Wala hakuwapo mtu alipoteleza. Pamoja na hayo sharia haikumwambia nenda zako. Kwa nini? Kwa sababu njia si yake peke yake, na kuitumia kwake kumefungwa na sharti ya kuwa wenziwe wasalimike. Kukusudia ubaya ni jambo moja, na kuwa wewe ni sababu ya ubaya ni jambo jingine. La kwanza lina dhambi ya moyo. La pili lina deni, ijapokuwa moyo ni safi. Ndiyo maana aliyeua kwa kukosea hana dhambi ya mwenye kuua kusudi, na diya ipo palepale.

Hapa mtu mwenye akili ataniuliza: “Shekhe, ganda la tikiti laonekana. Mayai ya minyoo hayaonekani ila kwa kioo cha kukuzia vitu. Vipi nitaulizwa kwa kisichoonekana?” Hili ni swali la haki, na jawabu yake ni kwamba mtu haulizwi kwa lililokuwa halijulikani, huulizwa kwa alilolijua au aliloweza kulijua akapuuza. Wazee wetu ambao khabari hii haikuwafikia, tunawatarajia udhuru kwa Mola wao. Lakini sisi imetufikia kwa redio, kwa shule, kwa zahanati, kwa mabwana afya wapitao vijijini. Mwaka 1973 ilipita nchi nzima kampeni ya Mtu ni Afya, wakasoma katika makundi watu kiasi cha milioni mbili, na vyoo vingi vikachimbwa. Aliyeambiwa kuwa katika kikombe hiki mna sumu, akampa mwenziwe kwa kuwa yeye mwenyewe hakuiona ile sumu, hana udhuru. Jicho siyo mlango pekee wa elimu. Nasi ni watu tuaminio ghaibu. Haitupasi sisi kuliko watu wote kusema kwamba tusichokiona hakipo.

Mwengine atasema: “Haya yote ni kadari. Aliyeandikiwa safura ataipata hata akivaa viatu vya chuma.” Naam, kila kitu ni kwa kadari. Lakini yule bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga kisha ategemee, alijibiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Na watu hawa wasemao kadari katika habari ya choo, sijawaona wakisema kadari katika habari ya nguruwe. Huko hulala katika dungu, huwasha moto, hupiga kelele usiku kucha. Yaani mihogo ina sababu, na watoto wana kadari! Huku si kutegemea, ni uvivu uliovalishwa kilemba.

Wa tatu atataja ile hadithi yenye kukanusha ambukizo. Maulamaa wamekwisha ieleza: iliyokanushwa ni itikadi ya kijahilia kwamba ugonjwa huenda kwa nguvu zake wenyewe pasi na amri ya Mungu. Haikukanushwa sababu, kwani Mtume huyo huyo amekataza ngamia wagonjwa kuletwa kwa ngamia wazima.

Wa nne, naye ndiye mwanachuoni kidogo, atasema: “Maji yaliyofika kulateni hayanajisiki ila kwa kubadilika rangi, au tamu, au harufu. Dimbwi letu limezidi kulateni nyingi na halikubadilika. Basi ni twahara, na twahara hayana neno.” Huyu amechanganya mambo mawili. Hukumu ya twahara ni kwa ajili ya ibada. Yakujulisha ni maji gani yafaa kutawadhia. Haikudai kamwe kwamba kila kilicho twahara ni salama kunywewa. Mmea wenye sumu ni twahara, ukiuchukua nguoni mwako sala yako ni sahihi. Lakini kuula ni haramu kwa sababu ya madhara. Udongo ni twahara, tena twatayamamia; na maulamaa wamewakataza kuula wenye kudhurika nao. Basi maji ya dimbwi yaweza kuwa twahara kwa udhu na khatari kwa tumbo wakati mmoja, wala hapana kupingana. Vilevile udhu si badala ya sabuni. Mwenye kustanji kwa mkono wa kushoto kisha akautia mkono ule katika sinia la wali pamoja na wenziwe baada ya kuupitishia maji kidogo, udhu wake waweza kusihi, na mayai ya chango yangali chini ya kucha zake. Kukata kucha ni katika suna za maumbile. Tumeziacha suna hizi, kisha twastaajabu kwa nini tumbo lauma.

Lakini liko swali zito kuliko hayo yote. Tuseme kijiji kina wanaume arubaini, na wote hufanya haja maporini. Mtoto mmoja amepata safura. Hapana kadhi awezaye kujua kwamba kijana aliyemwingia ametoka kwa Fulani. Kila mmoja aweza kuapa kwamba hajui, na kiapo chake ni cha kweli. Je, kosa likigawiwa kwa arubaini, si litakuwa dogo mpaka likatoweka?

Nionavyo mimi, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kosa si mkate hata ligawike likapungua. Sayyidna Umar alipohukumu kundi la watu walioshirikiana kumuua mtu mmoja, hakusema damu moja igawiwe kwa vichwa vyao, kila mmoja apate kipande. Aliona kwamba kila mmoja ameibeba nzima. Najua kwamba wale walikusudia, na hawa wetu hawakukusudia, kwa hivyo sisemi kuwa hukumu ni moja. Nachukua ile maana tu: wingi wa wakosaji haulifanyi kosa kuwa jepesi. Ni kweli kwamba kadhi hatamdhaminisha mtu kwa dhana, kwani dhamana yataka mtu ajulikane. Lakini kutojulikana kwako kwa kadhi si kutojulikana kwako kwa Mola wako. Yeye ajua lile yai limetoka kwa nani, na mguu ulikuwa wa nani. Khatari yake nyingine ni kwamba haki ya mja haisameheki mpaka mja mwenyewe asamehe. Basi wewe utamwomba radhi nani, na humjui uliyemdhuru? Deni la mtu unayemjua lalipika. Deni la mtu usiyemjua ndilo la kuogopwa.

Na kama wingi haupunguzi kosa, basi vilevile mmoja hawezi kuliondoa peke yake. Mtu akichimba choo chake akakitumia, na thelathini na tisa wakabaki maporini, mwanawe yungali khatarini. Watu wa bahari twaufahamu mfano wa jahazi aliotupigia Mtume wetu (s.a.w.): wa chini wakitoboa sehemu yao wapate maji karibu, na wa juu wakawaacha, wote huzama. Kwa hivyo jambo hili lina hukumu ya faradhi ya kifaya. Likitimizwa na watu wa kutosha, wote wameokoka. Likiachwa, wote wana sehemu yao ya lawama, hata mwenye choo kizuri asiyewasaidia wala kuwanasihi wenziwe.

Mkulima fakiri atasema: “Nitapata wapi saruji na bati, nami mwaka huu ufuta umenivunja mgongo?” Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila awezalo. Asiye na saruji ana jembe, na magogo, na udongo wa mfinyanzi, na makuti ya kujisitiri. Na achimbe shimo kwenda chini, ila lisifikie maji, mbali na kisima kiasi cha mita 30, alifunike vizuri juu, aache tundu na kifuniko chake. Shambani penye dungu na afanye vilevile kwa kadiri yake kabla ya kupanda mbegu ya kwanza, kama afanyavyo kibanda. Kifukio kifupi cha kufukia kwa mguu hakitoshi, kwa sababu kijana wa safura huweza kupanda juu kwa kupitia mchanga. Na viatu, hata vikiwa kandambili, ni ngao; ijapokuwa matope huingia, mwenye ngao mbovu si sawa na asiye na ngao.

Wala asiseme mtu kwamba choo ni desturi ya kuletewa na wageni. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni wa dini na wema, nao ni wa madhehebu ya Shafi. Nendeni Kilwa Kisiwani mkayatazame magofu ya Husuni Kubwa na birika lake, mkavuke na Songo Mnara, mtaona katika nyumba za mawe vyoo vya shimo vilivyojengwa ndani ya nyumba. Magofu haya yametiwa katika urithi wa ulimwengu mwaka 1981, na watalii huja kutoka mbali kuyaona. Itakuwa aibu iliyoje mgeni ayaone mashimo ya vyoo vya mababu wa miaka mia saba, kisha atoke aone wajukuu wakiingia vichakani!

Wako wasemao kwamba dawa zatosha. Ni kweli kwamba vidonge vipo, kimoja cha albendazo chaweza kuutoa mnyoo mwingi, na watoto hupewa shuleni. Kimezeni, wala msiwazuie watoto wenu kwa uvumi. Lakini dawa huwatoa waliomo, haiwazuii wajao. Safura tena si ugonjwa wa watoto peke yao. Watu wazima wa shambani wamejaa nao. Huko Kwale, katika pwani ya Kenya, baina ya mwaka 2015 na 2017 wataalamu walilinganisha njia mbalimbali. Palipopewa dawa watoto wa shule peke yao mara moja kwa mwaka, wenye safura walipungua kutoka kama 19 katika mia mpaka kama 14. Palipopewa watu wote wa kijiji mara mbili kwa mwaka, walipungua kutoka kama 21 mpaka kama 6. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mtoto humeza kidonge asubuhi, na baba yake jioni humrudishia ugonjwa shambani. Basi enyi akina baba, sehemu ya dawa ya mwanao imo katika mwenendo wako wewe.

Sina budi niseme na wenzangu waalimu wa vyuo. Sote tunawajua wale watoto ambao husinzia juu ya juzuu, uso mweupe, tumbo mbele, hawashiki somo la jana wala la juzi. Ada ya vyuo vingi ni kumhisabu mtoto kama huyo kuwa ni mvivu, naye mvivu dawa yake ni bakora. Je, ni halali kumpiga mtoto kwa udhaifu ambao watu wazima wa kijiji chake ndio waliomsababishia? Adabu ni kwa aliyeweza akaacha, na huyu damu yake imeliwa. Kabla ya kuishika bakora, mwalimu na alifunue jicho la mtoto alitazame wekundu wake, kisha amwambie baba ampeleke zahanati. Na chuo kisicho na choo na maji ya kunawa na kipande cha sabuni, mwalimu wake afundishaye mlango wa twahara aufundisha kwa ulimi, na kiwanja chake chafundisha kinyume chake.

Khitimisho la maneno ni hili. Mtu huulizwa kwa madhara asiyoyaona, pindi khabari yake imemfikia na njia ya kuyaepuka imo katika uwezo wake. Kadhi hawezi kumshika, kijiji hakimjui, na aliyedhurika hamshitaki. Na hayo matatu hayamtoi katika hisabu. Kwa hivyo imetupasa kuchimba, na kusitiri, na kuvaa, na kunawa, na kunasihiana, tukianzia msikitini kwetu na chuoni kwetu.

Watu wetu hupenda kuweka wakfu kisima, na jina la marehemu likatajwa kila ndoo inaposhushwa. Nami namuuliza mwenye mali: kwa nini asiwepo wa kuweka wakfu choo katika njia ya mashamba, penye kupita wakulima mia kwa siku? Kisima humpa mpita njia maji. Choo kinawasitiri watu uchi wao, na kinalinda damu ya watoto ambao hawakuzaliwa bado. Aliyekichimba hatatajwa kwa nyimbo, na pengine watu wataona haya kumtaja kabisa. Lakini yale madhara yasiyoonekana yana Mwenye kuyaona, na wema usioonekana vilevile.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kusikia maneno wakafuata yaliyo mema yake, na aziafu miili ya watoto wetu. Wabillahi tawfiki.